Kelele za Jana, Kimya cha Leo



Ijumaa iliyopita, baada ya chakula cha mchana, binti wa mdogo wetu wa mwisho aliingia ukumbini amevaa fulana nyeusi iliyonunuliwa katika mitumba ya Kongowea. Kifuani pamechorwa uso wa manjano uliotoa ulimi nje, na juu yake neno moja: Nirvana. Kaka yetu mkubwa, ambaye sasa ndevu zake zimekuwa nyeupe zote, aliitazama fulana ile kwa kitambo, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hao unawajua?"

Binti akajitazama kifuani kama aliyeambiwa kuwa amemwagikiwa na mchuzi. "Kina nani, ami? Si kampuni ya nguo hii?"

Tulicheka sote, naye akacheka pamoja nasi bila kujua anachekewa nini. Kisha kicheko kikakatika, kwa kuwa kila mmoja wetu alimkumbuka marehemu baba, na macho yetu yakaelekea mahali pamoja ukutani, kando ya mlango wa chumba cha ndani, ambapo zamani palitundikwa gitaa lisilo na nyuzi.

Sisi tulizaliwa sita katika nyumba hiyo ya Mji wa Kale, Mombasa. Kaka yetu ndiye kifungua mimba. Sisi watano tunaoandika haya tulimfuata. Baba alikuwa karani katika bandari ya Kilindini, mtu wa maneno machache na kanzu iliyopigwa pasi. Tumekubaliana kuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, kisa cha muziki uitwao roki ni kisa kirefu cha kupanda na kushuka, na mna mafunzo ndani yake kwa kila mwenye kulea. Ya pili, kisa hicho kilipita ndani ya nyumba yetu kikatuachia kovu. Hatukusudii kufungua hapa mlango wa hukumu ya muziki. Mlango huo una wenyewe, nao ni masheikh wetu. Sisi twasimulia yaliyotokea.

Muziki wa roki ulizaliwa Marekani katikati ya karne iliyopita, na waliouzaa hasa walikuwa watu weusi. Ulitokana na bluzi, nyimbo za majonzi za wajukuu wa watumwa wa kusini, na nyimbo za injili zilizoimbwa makanisani mwao. Miongoni mwa waliotangulia kuzitilia nyimbo hizo gitaa la umeme alikuwa mwanamke, Sister Rosetta Tharpe, aliyepata umaarufu tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Baadaye wakaja kina Chuck Berry na Little Richard, ambao santuri zao za mwaka 1955 ziliwainua vijana wa rangi zote kutoka vitini mwao. Mtangazaji mmoja wa redio katika mji wa Cleveland, Alan Freed, ndiye aliyelieneza jina la muziki huo, jina lenye maana ya kutikisika na kubiringika, kama chombo kinavyopelekwa na mawimbi.

Wasomaji na wazingatie wakati wenyewe. Mwezi wa Mei 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za serikali ni kinyume cha katiba. Miezi 2 baadaye, mjini Memphis, kijana wa kizungu mwenye umri wa miaka 19, dereva wa lori kwa jina Elvis Presley, alirekodi wimbo wa mtu mweusi, na watu wakaupenda. Wazee wengi waliingiwa na hofu. Walisema wanahofia maadili, na kwa baadhi yao ilikuwa kweli. Lakini kwa wengine hofu hiyo ilichanganyika na nyingine, ya kuwaona watoto wao wakicheza ngoma moja na watoto wa watu weusi. Mwaka 1956 mji wa Santa Cruz, California, ulipiga marufuku dansi za muziki huo. Januari 1957 wenye televisheni walimwonyesha Elvis kuanzia kiunoni kwenda juu, miguu yake isionekane. Haikusaidia kitu. Kinachofichwa ndicho kinachotafutwa.

Kulikuwa na jambo jingine lililoupa muziki huo nguvu, nalo ni redio ndogo za betri zilizoanza kuuzwa mwaka huohuo wa 1954. Kijana aliweza kuitia redio yake chini ya mto na kusikiliza usiku, wazazi wamelala. Hata hivyo, alichokisikia yeye chini ya mto wake ndicho alichokisikia mwenzake wa mtaa wa pili, saa ileile, kutoka kituo kilekile. Kulipokucha, shule nzima ilikuwa na habari moja. Twaomba jambo hili liwekwe akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Kutoka Marekani muziki ule ulivuka bahari. Liverpool ni mji wa bandari kama wetu, na mabaharia wake walikuwa wakirejea kutoka New York na santuri mikobani. Katika mji huo walikulia vijana wanne waliojiita Beatles. Tarehe 9 Februari 1964 walipojitokeza katika televisheni ya Marekani, walitazamwa na watu wapatao milioni 73, zaidi ya theluthi moja ya nchi, wazazi na watoto wakiwa wamekaa mbele ya kioo kimoja. Wiki chache baadaye, nyimbo 5 za juu kabisa katika orodha ya mauzo ya nchi ile zilikuwa zao zote. Wenzao wa London, Rolling Stones, walilitwaa hata jina lao katika wimbo wa Muddy Waters, bingwa wa bluzi wa Chicago. Basi Waingereza waliwauzia Wamarekani mali ya Wamarekani, na wenye mali walikuwa wamesahau kuwa ni yao.

Kufikia mwaka 1969, roki ilikuwa imekwisha kuwa zaidi ya muziki. Watu wapatao 400,000 walikusanyika katika shamba moja la jimbo la New York kwa tamasha la Woodstock, huku vita vya Vietnam vikiendelea. Namna kijana alivyovaa, alivyofuga nywele, alivyoitazama serikali yake, vyote vilipitia humo. Mzazi aliyetaka kujua mwanawe anafikiri nini alitosheka kutega sikio penye mlango.

Nasi huku pwani tulifikiwa. Kilichopita Liverpool kilipita Kilindini: mabaharia, meli, santuri, kisha kanda. Gitaa lenyewe halikuwa geni kwetu. Fundi Konde, mwana wa pwani hii, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupiga gitaa la umeme nchini Kenya, na marehemu baba alikuwa akizivumisha nyimbo zake kwa pua anaponyoa ndevu. Hili twalitaja ili msomaji asidhani kuwa baba aliuchukia muziki wote. "Gitaa ni ubao," alizoea kusema. "Sina ugomvi na ubao."

Ugomvi wake ulianza kaka aliponunua redio kaseti kwa baharia mmoja, pamoja na kanda 4. Hiyo ilikuwa miaka ya 1970 inapokaribia kwisha. Roki wakati huo ilikuwa katika kilele chake, ikijaza viwanja vya mpira, na albamu moja ya Pink Floyd iliyotoka mwaka 1973 ilikuwa bado inauzwa, ikaendelea kuonekana katika orodha ya Marekani kwa zaidi ya wiki 700. Kaka aliiweka redio yake juu ya kizingiti cha dirisha linaloelekea uchochoroni. Mtu aliyepita alisikia. Bibi aliyekuwa akipeta mchele ghorofani alisikia. Jirani wa ukuta wa pili alisikia, naye alijibu kwa kuugonga ukuta kwa mchi. Sisi wadogo tulizijua nyimbo zile neno kwa neno, ingawa Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha.

Baba naye alisikia. Akirudi kazini humkuta kaka ameinama juu ya redio. "Huyo analia nini?" huuliza. Kaka humweleza: huyu analalamikia vita, huyu amefiwa na rafiki. Baba husikiliza maelezo hadi mwisho, kisha husema, "Na awalilie kwao. Punguza sauti." Na kaka hupunguza kidogo, na baba huingia ndani, na baada ya chakula hurudi tena na swali jingine. Tuliyahesabu mazungumzo hayo kuwa ni magomvi. Leo twajua kuwa hakuna wakati mwingine ambapo wawili wale walizungumza sana kama wakati ule.

Kisha kaka akapata gitaa. Alijifunza kwa mpiga gitaa wa bendi iliyotumbuiza watalii katika hoteli moja ya ufukweni, na baada ya muda akaanza kwenda naye usiku kusaidia. Hapo baba alibadilika. Hoteli kwake ilikuwa na maana ya ulevi, na ulevi una maana ya mtoto kupotea. Alijaribu kwanza kwa maneno. Habari zilikuwa zimekwisha kufika kuwa Cat Stevens, mwimbaji mashuhuri wa Uingereza aliyekuwa na santuri zilizouzwa ulimwenguni kote, amesilimu mwaka 1977, amejiita Yusuf Islam na kuuacha muziki. Mojawapo ya kanda 4 za kaka ilikuwa ya mtu huyohuyo. Baba aliishika mkononi akasema, "Mwenye mali ameiacha, wewe wakimbilia nini?" Kaka hakuwa na jibu, na kijana asiye na jibu huwa mkaidi zaidi kuliko mwenye nalo.

Usiku mmoja mwaka 1979, kaka alirudi saa saba. Baba alikuwa amekaa barazani akimngoja, wala hakusema neno. Baada ya swala ya alfajiri alilitwaa gitaa, akakaa juu ya mkeka, akachukua koleo, akaanza kuzikata nyuzi moja baada ya moja. Kila uzi ulipokatika ulilia kwa sauti yake, kuanzia mnene hadi mwembamba. Sisi tulikuwa nyuma ya pazia tukihesabu: sita. Alizikunja vizuri, akazitia katika bahasha ya kazini, akamkabidhi kaka. "Zako hizi," alisema. "Sikuzitupa."

Hakumpiga, hakumtukana. Pengine angefanya hivyo, kaka angelia na mambo yakaisha. Wiki 2 baadaye kaka alipata kazi ya jikoni katika meli ya mizigo, akaondoka. Alikaa baharini miaka 4. Bibi, aliyemlea na kumwita mume wangu, alifariki mwaka 1981 akimuulizia. Barua ya msiba ilimkuta kaka katika bandari ya mbali, miezi 2 baada ya maziko. Gitaa lilibaki limetundikwa ukutani bila nyuzi, na kila Alhamisi mama alilifuta vumbi. Baba hakuamuru liondolewe, wala mama hakuomba ruhusa ya kuliacha.

Twataka kusema haki hapa. Baba hakuwa mtu wa kuogopa kivuli. Jimi Hendrix na Janis Joplin walikufa mwaka 1970, na Jim Morrison mwaka 1971, wote wakiwa na umri wa miaka 27. Hendrix na Joplin waliuawa na dawa za kulevya. Katika kifo cha Morrison pia jina la dawa hizo halikukosa kutajwa. Mzazi anayesoma habari kama hizo gazetini, kisha akamwona mwanawe akirudi usiku wa manane, ana haki ya kukosa usingizi. Kosa lake, kama lilikuwa kosa, ni kuwa alidhani hatari imo ndani ya sauti, na kwamba sauti ikinyamaza hatari itakuwa imeondoka.

Kaka alirudi mwaka 1983. Alimletea mama vitambaa, baba saa ya ukutani, na mdogo wetu wa mwisho akamletea kitu ambacho hatukuwa tumekiona: Walkman, redio ya kanda isiyozidi ukubwa wa kiganja, yenye vijispika vya kuvaa masikioni. Mdogo wetu alivivaa, akaanza kutikisa kichwa katikati ya ukumbi ulio kimya kabisa. Baba alimzunguka akimtazama kama atazamaye mazingaombwe. Aliinama, akasikia mchakato mdogo tu, mithili ya panya katika dari. Uso wake ukakunjuka. "Alhamdulillahi," alisema. "Hiki ndicho chombo cha adabu. Hakimsumbui mtu."

Tulifurahi. Baba na kaka walikula sahani moja siku ile, na gitaa halikutajwa, wala halikutajwa tena hadi baba alipofariki mwaka 1998. Kwa miaka mingi tuliamini kuwa hiyo ndiyo suluhu. Miaka michache tu baada ya Walkman, kila mmoja wetu alikuwa na chake, cha kununua au cha kuazima, na nyumba ikawa tulivu kama msikiti baada ya adhuhuri.

Ulimwenguni nako mambo yaligeuka. Tangu tarehe 1 Agosti 1981, Marekani ilikuwa na kituo cha televisheni cha muziki mtupu, MTV, na mwimbaji akawa hana budi kutazamika kama anavyosikika. Roki haikuanguka mara moja. Mwaka 1985, katika tamasha la Live Aid la kuwachangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, watu wapatao 72,000 katika uwanja wa Wembley waliinua mikono kwa pamoja wakimfuata mwimbaji wa kundi la Queen, Freddie Mercury. Wengi wetu tulikuja kujua baada ya kifo chake mwaka 1991 kuwa mtu yule alizaliwa Unguja, Mji Mkongwe, mwaka 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mwana wa karani wa Kiparsi. Familia yake iliondoka mwaka 1964 kwa sababu ya mapinduzi. Kaka alipotusimulia habari hiyo, baba alikuwa karibu. Aliuliza neno moja tu: "Baba yake alikuwa karani?" Kisha akanyamaza, nasi hatukumuuliza anawaza nini.

Mwaka huohuo wa 1991 ndipo lilipovuma Nirvana, kundi la vijana watatu kutoka jimbo la Washington, wenye nguo chakavu na sauti za hasira. Januari 1992 albamu yao ilimwondoa Michael Jackson kileleni mwa orodha ya Marekani. Kiongozi wao, Kurt Cobain, alijiua Aprili 1994, naye pia ana miaka 27. Kwa maoni yetu, huo ulikuwa wimbi kubwa la mwisho la roki. Kilichofuata ni maji kupwa.

Sababu za kupwa huko ni kadhaa. Mwaka 1999 ilianzishwa Napster, programu iliyowawezesha watu kupeana nyimbo bure kwa intaneti, na katika miaka 15 iliyofuata mapato ya kampuni za muziki za Marekani yalishuka kufikia karibu nusu. Roki iliumia zaidi kwa kuwa ni muziki wa gharama. Bendi inahitaji watu wanne au watano, vyombo, chumba cha mazoezi na jirani mwenye subira. Muziki wa kufokafoka unahitaji kijana mmoja, kompyuta moja na jambo la kusema. Mwaka 2017 waliohesabu mauzo nchini Marekani walitangaza kuwa, kwa mara ya kwanza, muziki wa kufokafoka pamoja na nyimbo za mapenzi za watu weusi umeipita roki. Mwaka uliofuata Gibson, kampuni kongwe ya magitaa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Roki haikufa. Rolling Stones walitoa albamu mpya mwaka 2023, wakiwa wazee wa miaka zaidi ya 75, na viwanja hujaa bado, ila waliomo wamekuja na wajukuu zao. Bob Dylan alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016. Mjini Cleveland, kule alikokuwa Alan Freed, kuna makumbusho makubwa ya muziki huo tangu 1995, na wanafunzi hupelekwa kuyatembelea. Kilichopigwa marufuku na babu kimewekwa katika kabati la kioo, kikatozwa kiingilio. Na kilichobaki kimechapishwa juu ya fulana, kikavaliwa na binti asiyejua kuwa ni muziki.

Lakini sababu iliyo kubwa kuliko zote, kwa jinsi tunavyoiona sisi, ni ile tuliyoomba iwekwe akilini. Roki ilipata nguvu kwa kuwa watu waliisikia pamoja: kituo kimoja, kioo kimoja, dirisha moja la uchochoroni. Hata aliyeichukia aliisikia, na chuki yake ilikuwa sehemu ya nguvu hiyo. Leo kila mtu amebeba orodha yake mfukoni, iliyopangwa na mashine kwa kipimo chake mwenyewe. Hakuna muziki unaoweza kuutikisa ulimwengu kwa namna ile tena, kwa kuwa hakuna ukumbi wa kuutikisia.

Na yaliyoukuta ulimwengu yaliukuta ukumbi wetu. Jioni moja, yapata mwaka 1994, baba alikuwa amestaafu na macho yamepungua nguvu. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, nasi tumetawanyika humo ndani, baadhi yetu na vijispika masikioni. Ghafla akauliza, "Nyumba imekuwa kimya. Mwasikiliza nini siku hizi?"

Hapakuwa na mtu aliyejibu. Waliokuwa na vijispika hawakusikia, na waliosikia hawakujua la kusema, kwa kuwa hakuna aliyejua mwenziwe anasikiliza nini. Baba alingoja kidogo, kisha akarudia tasbihi yake. Miaka ile ile, unga ulikuwa umeingia pwani yetu na kuanza kuwamaliza vijana. Mmoja wao alikuwa mtoto wa jirani yule wa mchi, kijana mpole, mtiifu, asiyemsumbua mtu. Unga haukuja na gitaa wala haukugonga ukuta. Ulikuja kimya, na ulipita kwa waliokuwa kimya, na mama yake alisema makaburini maneno ambayo hatutayasahau: kwamba hakuwahi kumsikia mwanawe akifanya kelele.

Yusuf Islam alikaa mbali na gitaa kwa zaidi ya miaka 20. Magitaa yake aliyauza kwa mnada na fedha akazitoa sadaka. Akajenga shule, akalea watoto. Kisha, kama alivyosimulia mwenyewe, mwanawe wa kiume alileta gitaa nyumbani, nalo likabaki humo ndani hadi siku moja mzee akalishika. Mwaka 2006 alitoa tena albamu. Wapo waliomlaumu na wapo waliompongeza, na hilo si letu kuliamua. Sisi lililotugusa ni dogo: ndani ya nyumba ile, baba na mwana walikuwa na kitu kati yao ambacho wote wawili walikisikia.

Turudi kwa binti wetu na fulana yake. Kaka alimketisha akamweleza Nirvana ni kina nani, na kabla yao nani, na kabla ya hao nani, hadi akafika kwa wanawake weusi wa makanisani. Akamwonyesha pale ukutani, akamsimulia habari ya koleo. Gitaa halipo tena. Mama alimpa kijana wa taarabu kabla hajafariki, na bahasha yenye nyuzi hatujui iliishia wapi. Binti alisikiliza kisa chote, jambo ambalo si la kila siku, kisha akavipachika tena vijispika vyake masikioni.

Hapo mmoja wetu akamgusa bega. "Mwanangu, wasikiliza nini?"

Alituangalia kwa wasiwasi, kama aulizwaye na polisi. "Hamtaupenda."

"Tusikilizishe hivyohivyo."

Alichomoa kimoja, akasita, akachomoa na cha pili. Akaiweka simu juu ya meza, katikati ya vikombe vya kahawa, akaifungulia sauti. Ulikuwa muziki wa vijana wa Nairobi, wa kufokafoka, wenye mdundo kama mtu anayebisha mlango usiku na lugha ambayo nusu yake hatukuielewa na nusu tuliyoielewa tulitamani tusingeielewa. Hatukuupenda. Tulimwambia hivyo. Akatetea. Kaka akamuuliza, "Huyo analalamika nini?" Akamweleza: huyo hana kazi, na huyo amechoka kuahidiwa. Shangazi yake akasema kuwa maneno yale hayafai kusemwa mbele ya wazazi, na binti akakiri kuwa baadhi yake hayafai, ila akasema mengine ni ya kweli. Tukabishana. Sauti zikapanda. Jirani wa ukuta wa pili, mjukuu wa yule wa mchi, akagonga.

Tulibishana hadi muadhini wa Maghrib alipotukata kauli. Kaka aliinua mkono, binti akaizima simu, tukainuka kwenda kutawadha. Njiani kuelekea birikani kaka alikuwa bado anamuuliza, na binti bado anamjibu.